Mwaka Waliotaka Kunishusha Same

Jumatano, 31 Desemba. Ukungu tangu alfajiri, mvua ya rasharasha, mbuzi wamegoma kutoka bandani.

Mwaka unaisha na mimi nimekaa jikoni karibu na moto, simu nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi, naandika kwa vidole viwili. Sebuleni kuna mtu mzima analalamika kwamba chai imepoa. Nitamweleza mtu huyo baadaye. Kwanza niseme lililo moyoni, maana mwaka haufungwi na uchafu ndani kama sufuria ya jana.

Mwezi huu nimefanya hila. Nimeifanya nikiwa na akili timamu, bila kushurutishwa na mtu, na kama ningekuwa bado mahakamani ningejitia hatiani kabla ya chai ya saa nne.

Wanaonisoma hapa wanajua kwamba nilikuwa mshauri wa mahakama ya mwanzo kwa miaka mingi. Nasema wanaonisoma, lakini ni mjukuu wangu Tumaini, aliyenifungulia blogu hii, na dada mmoja wa Morogoro ambaye huniandikia "amina" hata nikiandika habari za viroboto. Kwa mgeni aliyepotea njia akafika hapa: washauri ni wale wazee wanaokaa kando ya hakimu na kutoa maoni. Nimesikiliza kesi za mipaka, za ndoa, hata ya mbuzi aliyekula kitambaa cha madhabahu. Watu wa mjini hupenda kusema Mpare huuza ng'ombe ili afuatilie kesi ya kuku. Ni uongo mtupu. Huuza ng'ombe wawili, mmoja wa kesi na mmoja wa rufaa.

Ndiyo maana hata habari za dunia nazisikiliza kama mashauri.

Na mwaka huu dunia imeleta mashauri mazito. Mataifa yanapigania mipaka, kila upande unaapa kwamba babu yake ndiye aliyepanda masale ya mpakani, na ukisikiliza redio jioni unaona kabisa kwamba hakuna aliyewauliza majirani. Sisi tungewapandisha wote hadi kwenye eneo la mgogoro, tukanyage tope pamoja, kila mtu aoneshe kwa kidole. Wao wanarushiana mabomu kwanza, halafu ndipo wanakutana hotelini. Watoto wanafia katikati. Hapo huwa nazima redio, maana chakula hakishuki.

Wakubwa wengine wametunishiana misuli kwa ushuru. Wewe ukiongeza kwenye chuma changu, nami naongeza kwenye maharage yako. Nilimwambia jirani kwamba huo ni ugomvi wa wauza nyanya wa gulioni, ila hawa wamevaa tai.

Halafu kuna hii mashine inayojibu kila kitu. Tumaini alinionesha alipokuja likizo, akaniambia, "Bibi, iulize chochote, inajua yote." Nikaiuliza namna ya kupika makande. Ikaniambia nitie tui la nazi. Nikajua basi, imesomeshwa na watu wa Tanga. Nikaiuliza tena kama mzee anaweza kuhamishwa nyumbani kwake bila kuulizwa, ikanijibu kwamba hilo ni suala nyeti linalohitaji mazungumzo ya kifamilia. Hakimu wa namna hiyo tungemhamishia kijijini kwa mbuzi.

Swali hilo la pili sikuliuliza hivi hivi. Kesi kubwa ya mwaka wangu ilikuwa hiyo: watoto wangu dhidi yangu.

Ilianza mwezi wa pili. Niliteleza kwenye mfereji, pale kwenye jiwe jeusi karibu na kona ya shamba, nikateguka mkono. Ilikuwa ajali ya kawaida ya mtu anayewahi maji. Kwa bahati mbaya jirani alinipiga picha kabla ya kuniinua. Picha ilifika Dar es Salaam kabla mimi sijafika zahanati.

Huko Dar yuko Elieza, mzaliwa wangu wa kwanza, baba yake Tumaini. Elieza ni mtu mwema, ana kazi nzuri, ana tumbo la mtu mwenye kazi nzuri, na ana tabia ya kutatua matatizo hata kama hayajamfikia. Amejenga nyumba mjini Same, karibu na barabara kuu, ya kupumzikia akistaafu. Alipoiona ile picha akaamua kwamba wa kupumzika kwanza ni mimi. Dada yake Namsifu, aliyeolewa Mwanga, akamuunga mkono, kwa sababu Namsifu humuunga mkono mtu yeyote anayesema neno "usalama".

Wakafungua kundi la simu. Wakaliita Usalama wa Mama. Na kwa kuwa Mungu ana utani wake, Elieza alipokuwa akiwaingiza watu kwenye kundi, kidole chake kwa mazoea kikamwingiza na Mama mwenyewe.

Hawakugundua. Elieza anaamini simu yangu ni ya kupokelea tu.

Basi nikasoma. Miezi yote hiyo nilisoma, kimya, miwani puani. Nilisoma kwamba milima si mahali pa mtu wa umri wangu. Nilisoma kwamba barabara ni mbaya na hospitali iko mbali. Nilisoma kwamba lile jiwe jeusi ndilo ushahidi. Nilisoma kwamba nitapewa chumba cha mbele ili nione magari yakipita, kama vile mimi ni askari wa usalama barabarani. Sakafu ni ya vigae, Elieza akaandika kwa fahari, akatuma na picha. Nikaiangalia ile sakafu inavyong'aa nikawaza kwamba hakuna mfereji wowote huku milimani unaoteleza hivyo.

Mwishoni wakakubaliana: kikao kifanyike nyumbani kwangu, asubuhi ya Ijumaa, siku ya pili ya Krismasi, na ikibidi nishuke nao Jumapili baada ya ibada.

Sasa niseme jambo bila mzaha.

Niliogopa. Sina ugomvi na Same. Nikishuka huko nafurahi, nanunua chumvi na viberiti, nala chipsi kwa siri, upepo unanijaza vumbi hadi kwenye meno, napanda gari narudi. Lakini huku juu mimi ni mtu. Moshi ukichelewa kutoka kwenye paa langu, kuna mtu atakuja kuuliza. Anaeli, mume wangu, amelala nyuma ya nyumba kati ya migomba na kahawa, na kila jioni nampa habari za siku, pamoja na zile ambazo hapendi. Huko chini ningekuwa mzigo uliopokewa vizuri. Wangeniheshimu sana, wangenipa mto wa mgongoni, na ningekufa kwa kutazama malori.

Na kuna maji. Asiyetoka kwetu hataelewa, nimweleze. Huku tuna ndiva, bwawa dogo la kijiji linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi, maji yakashuka kwa mifereji hadi mashambani. Kila nyumba ina siku yake. Siku yetu ni Alhamisi. Anaeli aliipata zamu hiyo kwa kuchimba, kabla hatujapata hata mtoto. Nyumba ikifungwa, zamu inakwenda kwa wengine, na sijawahi kuona zamu iliyokwenda ikarudi. Nilijua nikishuka Same kwa "kupumzika kidogo" kama walivyoandika, Anaeli angebaki kuwa kaburi kwenye shamba kavu.

Kwenye kikao wangekuwa wawili na mimi mmoja. Kura isingenisaidia, na kulia siwezi kwa kupanga. Nikakaa nikafikiri kama nilivyokuwa nikifikiri mahakamani: je, kuna jambo gani lenye nguvu kuliko kikao cha familia?

Msaragambo.

Ndiva ikijaa tope lazima isafishwe, na kazi hiyo ya pamoja ndiyo tunayoiita msaragambo. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu. Huwezi kumtuma kibarua, huwezi kulipa badala, huwezi kusema una wageni. Udhuru ni msiba tu, na hata huo watakuja kuuangalia.

Kamati ya ndiva, ambayo mimi ni mjumbe wake, ilikuwa imepanga kazi hiyo iwe Januari. Mwanzoni mwa mwezi huu tulipokutana nikanyoosha mkono. Nikasema, "Januari vijana wote watakuwa wamerudi mijini, mtabaki na wazee na mbuzi. Kwa nini tusiifanye watu wakiwa wamejaa huku? Jumamosi Wasabato wako ibadani, Jumapili tuko sisi. Ijumaa, siku ya pili ya Krismasi, ni ya wote, na tukianza mapema hata Waislamu watawahi swala yao."

Hoja ilikuwa safi. Wote wakakubali. Mzee Kajiru, mpiga pembe wetu, aliyesoma darasa moja na marehemu Anaeli, akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Mama Elieza," akasema tulipotoka nje, "hiyo Ijumaa kuna nini kwako?"

Nikamwambia kuna wageni. Akaniuliza wageni wa namna gani. Nikamweleza yote, maana Mzee Kajiru ukimnyima habari huzitafuta kwa wengine na kuzipata zikiwa mbaya zaidi. Akacheka mpaka akashika mti. Meno ya mbele yamemwisha, lakini pumzi anayo.

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Mahakamani, mwenye maslahi kwenye shauri anatakiwa kusema na kutoka nje. Mimi sikusema, na nilikaa kiti cha mbele.

Watu wakaja. Elieza na mkewe na Tumaini kutoka Dar, gari limejaa mito na dawa za mbu, ingawa huku mbu wenyewe wanakuja kwa msimu kama wagombea. Namsifu kutoka Mwanga, na samaki wakavu wa bwawa la Nyumba ya Mungu waliofungwa kwenye magazeti, nyumba nzima ikanukia. Krismasi tulikula, tukaimba, mchungaji akahubiri kuhusu Yusufu na Mariamu kukosa nafasi katika nyumba ya wageni, na Elieza akaniminya mkono kwa huruma kana kwamba habari ile ilinihusu. Nilimpenda sana wakati ule. Hiyo ndiyo shida ya kushitakiwa na watoto wako.

Ijumaa asubuhi wakanikalisha kwenye kiti kikubwa. Nikajua mambo yameiva, maana kile kiti ni cha maaskofu.

"Mama," Elieza akaanza, amekunja mikono juu ya tumbo, "sisi kama watoto wako tumekaa, tukatafakari."

"Mmekaa wapi?"

Akamtazama dada yake. "Tumekaa... kwa ujumla, Mama."

Kabla hajaendelea pembe ikalia. Ilikuwa ndefu, nzito, ikapanda bonde lote na kurudi. Sijui kama malaika wana chombo kizuri zaidi.

"Ni nini hiyo?" mke wa Elieza akauliza.

"Msaragambo," nikasema, nikaweka uso wa mtu aliyeshtuka. "Ndiva."

"Leo? Siku ya pili ya Krismasi?" Elieza akasema.

"Tope halijui Krismasi, mwanangu."

Akasema atatafuta kijana ampe chochote aende badala yetu. Nikamkumbusha kwamba lazima awe mtu wa nyumba. Halafu nikainuka, nikaenda kuchukua jembe nyuma ya mlango, na nikalishika kwa mkono ule ule ulioteguka. Hiyo nayo ilikuwa hila. Niliona nikiwa nimeshaingia dhambini, niogelee.

Elieza akanipokonya lile jembe. Akavaa buti za baba yake, ambazo sijawahi kumpa mtu. Mguu wa kushoto uliingia kwa shida, wa kulia uliingia kwa maombi.

Njiani tukakutana na Mzee Kajiru, pembe begani.

"Shikamoo, baba," Elieza akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani. Na hili tumbo nalo limekuja kufanya kazi, au limekusindikiza tu?"

Wakatangulia wawili. Mzee Kajiru alimsemesha njia nzima, karibu na sikio, mara anaonesha mfereji, mara ananyoosha kidole nyuma nilipo mimi. Sikusikia kitu. Nilidhani anamsimulia habari za meno yake.

Mimi nilikwenda kukaa na kina mama waliokuwa wakipika makande ya wafanyakazi kandokando ya ndiva. Namsifu alinifuata na mwavuli. Wale wa mijini walijaa, wamevaa raba nyeupe na fulana za timu za Ulaya, wanapiga picha za tope kabla ya kulikanyaga.

Kabla ya kazi huwa wanaita nyumba. Hawasomi popote, mwenyekiti anaita kwa kichwa, kwa jina la mtu aliyeichimbia zamu, hata kama amekufa zamani. Anayeitika ndiye anayekuwa mkono wa nyumba hiyo mwaka mzima. Pembe ikilia ni yeye anayetafutwa, awe shambani au Ulaya. Nilikuwa nimejiandaa kuitika mwenyewe, kama ninavyofanya kila mwaka, halafu Elieza achimbe kwa niaba yangu. Hila yangu haikufika mbali zaidi ya kuua kikao cha siku moja. Lazima nikiri kwamba sikuwa na mpango wa kesho yake.

"Kwa Anaeli!" mwenyekiti akaita.

Nikafungua kinywa. Moshi wa kuni ukanipalia, nikakohoa.

"Kwa Anaeli!"

"Tupo!"

Ilikuwa sauti ya kiume, kutoka chini kwenye tope. Watu waligeuka. Nami nikageuka, na kwa kitambo kifupi sana sikujua ni mwaka gani, kwa sababu alikuwa ameinama kuchomeka suruali kwenye buti, na mgongo ule ulikuwa wa baba yake.

Nililia. Nikamwambia Namsifu ni moshi. Namsifu akasogeza mwavuli, kana kwamba moshi huzuiwa na mwavuli.

Lakini baada ya machozi ile akili yangu mbovu ya mahakamani ikaamka, ikapiga makofi. Mtoto wa mjini ameitika! Hajui kanuni! Amekuja kufunga nyumba, na amejifunga mwenyewe kwayo mwaka mzima mbele ya mashahidi! Nilikula makande siku ile kwa hamu ya mtu aliyeshinda rufaa.

Elieza alichimba. Kwanza alichimba vibaya, akajirushia tope, vijana wakamcheka. Baadaye mwili ukakumbuka. Mpaka jua linafika utosini alikuwa amevua shati, anaimba zile nyimbo za kazi kwa maneno yasiyo yenyewe, tumbo linang'aa. Tumaini alimpiga picha baba yake, na nasikia picha hiyo imewafurahisha sana watu wa ofisini kwake.

Tulipokuwa tunarudi alitembea mbele, jembe begani, anasalimia kila nyumba kama diwani. Akageuka kunipungia mkono, aniambie kitu. Alikuwa amefika kwenye kona ya shamba.

Jiwe jeusi halichagui.

Alianguka kwa hatua. Kwanza jembe, halafu mguu mmoja, halafu yeye wote, na mwisho maji ya mfereji yakapanda ukingoni. Wanaume walimbeba kwa machela ya matawi, wanapokezana na kupumzika kila baada ya hatua chache, wanaulizana huko Dar huwa wanamlisha nini. Jirani alikuwa pale na simu yake. Sitaki kusema nilifurahi. Nitasema tu kwamba nilimshukuru Mungu hakuvunjika, na nikashukuru kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Zahanati wakasema kifundo kimeteguka, apumzike, asikanyagie sana.

Kikao kiliendelea jioni ile, mlalamikaji akiwa amelala kwenye kochi na mguu juu ya mto. Namsifu akasema kwa uchungu kwamba sasa wagonjwa ni wawili, bora tushuke wote Same ambako kuna hospitali. Elieza akafumbua jicho moja.

"Same kuna joto," akasema. "Mguu utavimba."

Nikatoa simu. Nikavaa miwani. Nikawasomea ujumbe wao wenyewe wa kundini kwa sauti ya karani, nikibadilisha neno moja tu: milima si mahali pa mgonjwa, barabara mbaya, hospitali mbali, lile jiwe ndilo ushahidi. Namsifu alishika shavu. Tumaini ndiye aliyecheka kwanza, akakimbilia nje na kuanguka kwenye majani kwa kicheko. Aliporudi akabadilisha jina la kundi. Sasa linaitwa Usalama wa Elieza, na msimamizi ni mimi.

Jumapili baada ya ibada wakaondoka wote isipokuwa yeye. Mkewe alikuwa na kazi, akashika usukani mwenyewe, akaniambia kwa furaha ambayo hakuificha vizuri, "Mama, nakuachia mgonjwa wako."

Na sasa mgonjwa yupo. Anataka chai, anataka redio, anataka mto mwingine, anataka kujua kwa nini jogoo hana adabu. Anakula makande asubuhi, mchana na jioni, na anasema anakula ili asinikwaze.

Nilidhani nimeshinda. Ningeandika hapa kwamba nimeshinda, nikafunga mwaka, nikalala.

Lakini jana, nikimkanda mguu kwa maji ya moto, dhamiri ilinisumbua. Nikamwambia. Nilimweleza kuhusu kamati, kuhusu siku niliyoichagua kwa makusudi, kuhusu jembe na mkono wangu. Nikamwambia na lile la kuitika, kwamba amefungwa mwaka mzima bila kujua, na kwamba kama anataka nitazungumza na mwenyekiti nimwombee afunguliwe.

Aliendelea kutazama mguu wake.

"Nilijua, Mama," akasema. "Mzee Kajiru alinieleza yote njiani. Na kanuni ya kuitika pia. Alinionya nisifungue mdomo kabla sijafikiri."

Nikamuuliza, sasa kwa nini aliitika?

"Sijui. Waliita jina la baba. Mara ya kwanza hakuitika mtu. Nikaona vibaya."

Basi. Hakusema zaidi, ni mtoto wa Kipare. Mimi nilibaki na kitambaa cha moto mkononi mpaka kikapoa. Miaka yote ile mahakamani nilijisifu kwamba naweza kumsoma mtu kabla hajaapa, na huyu niliyemzaa mwenyewe sikumsoma. Nilijiona nimemtega. Kumbe aliuona mtego, akauzunguka, akautazama vizuri, halafu akaingia na buti za baba yake.

Nami nikaona nisibaki nyuma. Nikamwambia kwamba Juni baridi ikianza kuuma mifupa, nitashuka Same, nikae kwenye hicho chumba cha mbele mpaka Agosti ipite. Kwa hiari yangu. Nitahesabu malori. Masharti ni mawili: atandike mkeka juu ya vile vigae, na Alhamisi zote apatikane mtu wa nyumba wa kuangalia maji. Akasema atakuja mwenyewe atakapoweza, na asipoweza Tumaini ataletwa hata kwa kamba. Hatukuandikiana. Tulipeana mikono, yangu ina mafuta ya kukandia.

Je, ni haki kwa mtu kushinda kesi na bado akatoa fidia? Kwenye vitabu haipo. Kwa mama naona ipo.

Dunia sijui itafanyaje mwaka unaokuja. Labda wale wakubwa nao wangeitwa kwenye tope asubuhi moja, kila mmoja na jembe lake, tusikie wataitika kwa nani. Nitaomba hilo kwenye ibada ya leo jioni, pamoja na mvua, na pamoja na meno ya Mzee Kajiru.

Nilikuwa nataka kuishia hapo, lakini sasa hivi yule wa sebuleni ameacha kulalamikia chai. Ameuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia basi:

"Mama, kesho zamu yetu inaanza saa ngapi?"

Yetu.

Miezi yote kwenye lile kundi ilikuwa nyumba ya Mama, shamba la Mama, maji ya Mama.

Nimemjibu ni jua likichomoza, na si mbali, ni kugeuza tu mfereji pale kwenye kona. Anasema atajikongoja. Ana fimbo ya baba yake, mimi nina yangu. Tutatembea polepole, fimbo mbili na miguu mitatu mizima, na jirani bila shaka atakuwa tayari na simu.

Swali ninaloingia nalo mwaka mpya ni hili moja: tukifika kwenye lile jiwe jeusi, nani atamshika nani mkono?